Shimo la Nguzo

Kaburi lilikuwa tayari, na muuaji hakulitumia.

Jambo hilo lilimkaba Inspekta Tatsumi tangu asubuhi, aliposhuka ndani ya mtaro huku manyunyu ya Aprili yakipiga turubai juu ya kichwa chake. Jana yake wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya mtu humu. Daktari akayalinganisha meno, na leo jibu limetoka: Chinami Imanishi, binti wa miaka ishirini na miwili, aliyetoweka miaka kumi na tisa iliyopita. Mifupa ilikwishaondolewa. Mahali ilipolala palizungushiwa kamba nyeupe, na kando ya kamba hiyo, karibu kabisa, lilikuwapo shimo.

Lilikuwa shimo la pembe nne, kina chake kiunoni kwa mtu mzima. Katikati yake kilisimama kisiki cheusi cha nguzo, kimelowa na kulainika kama keki.

"Shimo hili lilikuwa wazi wakati ule?" Tatsumi aliuliza.

"Lilikuwa wazi," alijibu Bi Mizue, mwanamke mwembamba mwenye mwiko wa mwashi kiunoni, ndiye aliyeongoza uchimbaji wa sasa. "Mtaro huu ulichimbwa miaka kumi na tisa iliyopita, mwenye kiwanja alipotaka kujenga zahanati. Baadaye akaghairi, pakawa maegesho ya magari. Sasa yanakuja maghorofa, nasi tumeufungua tena ili tuunganishe michoro ya zamani na yetu."

Ndivyo mambo yalivyo katika mji wa Nagaokakyo. Huwezi kujenga hata jiko kabla hujaupigia hodi mji uliolala chini. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita mfalme alihamishia mji wake mkuu hapa, akakaa miaka kumi, akauvunja na kwenda zake Kyoto. Miaka kumi tu! Wajukuu wa wajukuu bado wanafagia alipopita. Na wana kidonda chao. Mji wa leo ulipokua ulijitwalia jina la ule wa kale, lakini kasri lenyewe la mfalme limelala ng'ambo ya mpaka, kwa jirani, Muko. Na jirani hana haya ya kukumbusha.

"Mimi mtu wa Muko, mke wangu wa hapa," alisema Sajini Doi, mzee mnene aliyebakiza muda mfupi astaafu, akijaribu kushuka ngazi bila kuteleza. "Tukigombana namwambia: jina lenu, kitanda cha mfalme chetu. Halafu nakwenda kulala sebuleni."

Hakuna aliyecheka. Doi mwenyewe aliiona kamba nyeupe, akavua kofia.

"Mzee Doi," Tatsumi alisema, "tufanye ni wewe. Una maiti mikononi, giza linaingia, umeogopa. Utaiweka wapi?"

"Shimoni, Mkuu. Lipo wazi, lina kina, kazi nusu imeshafanywa."

"Yeye hakufanya hivyo. Alimlaza hapa juu, kwenye sakafu ngumu. Akamkunja magoti ili miguu isivuke ukingo wa shimo. Mtu aliyeogopa anapata wapi subira ya namna hiyo?"

Doi alikuna kidevu. Bi Mizue ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kisiki. Kitu kizito kikiangukia pale, kinasagika."

"Ni nani angejali kisiki huku ana maiti mikononi?"

Bi Mizue alitazama pembeni. "Mtu kama mimi, Inspekta."

Turubai lilijaa maji, likamwaga upande mmoja. Tatsumi alichuchumaa, akagusa mchanga mweupe uliobaki kwenye pembe ya sakafu. "Na huu?"

"Ni desturi yetu. Tukimaliza kuchimba tunatandaza mchanga safi wa mtoni, ndipo tunafukia. Atakayechimba baada yetu akiukuta mchanga atajua: wenzangu walifika hapa. Ni salamu."

"Chini ya mifupa ulikuwapo?"

"Ulikuwapo. Na juu yake pia. Aliutandaza, akamlaza, akaufunika tena. Na alisawazisha vizuri. Vizuri sana."

Tatsumi alisimama. "Mahali alipolala hapatajwi kwa mtu yeyote. Magazeti yameambiwa 'ndani ya mtaro', na ibaki hivyo. Na jambo moja zaidi, Bi Mizue. Kile kigae maarufu cha paa kilichotoka humu wakati ule, nitazamie kama kweli kinapatana na jengo la nguzo hii."

"Nitakupigia simu."

*

Mji mzima ulikwishahukumu zamani. Muuaji ni Kusaka. Alikuwa mchumba wa Chinami, na ndiye aliyeendesha katapila lililoufukia mtaro. Polisi wa wakati ule walimhoji wakamwachia, maana maiti haikuwapo, lakini mji haukumwachia. Hakuna kampuni iliyompa tena mashine. Sasa alichimba machipukizi ya mianzi katika shamba la mjomba wake mlimani, na huko ndiko walikomkuta, ameinama na jembe lake refu jembamba.

"Umekuja na pingu, afande?" alisema bila kugeuka. "Nivumilie nimalize mstari huu. Chipukizi likiona jua linakuwa chungu."

"Nimekuja na maswali."

"Aa! Majibu yangu yamo kwenye mafaili yenu. Yakung'uteni ukungu myasome."

"Usimjibu hivyo Inspekta," Doi alifoka.

"Nimjibu vipi, mzee? Kwa wimbo?" Kusaka aligeuka. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini uso wake ulikuwa wa mzee. "Mama yangu alikufa watu wakivuka barabara wasimwamkie. Nimjibu vipi?"

Tatsumi alimpungia Doi mkono anyamaze. "Ni wewe uliyeufukia mtaro?"

"Ni mimi."

"Umesikia tulichokikuta humo."

Jembe lilimponyoka Kusaka, likalala kwenye majani makavu. "Nimesikia redioni. Kwa hiyo ni kweli wanayosema watu, siyo? Nilimfukia mimi. Kwa mashine ile. Ndoo baada ya ndoo." Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa napiga mluzi, afande. Asubuhi ile nilikuwa napiga mluzi. Nilidhani yuko nyumbani amenuna, maana jana yake tulizozana juu ya rangi ya mapazia."

Upepo ulipita juu ya mianzi. Doi alijifanya anasafisha kiatu.

"Kusaka," Tatsumi alisema taratibu, "ulipofika asubuhi ile, mchanga ulikwishatandazwa?"

"Ulikwisha."

"Nani aliutandaza?"

"Mwalimu. Siku zote tulikuwa tunautandaza wote, kwa masihara na makelele. Siku ile nilikuta kazi imekwisha. Mwalimu amekaa ukingoni, matope mpaka mapajani. Nikamwambia, Mwalimu, si ungetungoja? Akasema, 'Nimetaka kuuaga mji peke yangu.'" Kusaka alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Tulimwona mtu wa maana. Mwenzetu mmoja alimvulia kofia."

"Hili hukuwaambia polisi?"

"Waliniuliza nilikuwa wapi, nilikunywa nini, nilimpiga mara ngapi. Habari ya mchanga nani aliniuliza?"

Walipogeuka kuondoka, aliita, "Afande! Aliumia sana?"

"Sijui bado," alisema Tatsumi.

*

Kwa watu wa Nagaokakyo, ukisema "Mwalimu" bila kutaja jina, umesema Nogami. Alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu, na uchimbaji wa mtaro ule yeye ndiye aliyeuongoza. Zaidi ya hayo, Chinami alipotoweka ni yeye aliyebandika picha zake kwenye nguzo za stesheni, mwaka baada ya mwaka, akibandua zilizochakaa. Na kila wiki alikwenda kumtazama mama wa binti, mjane asiye na mtoto mwingine.

"Mkuu, huyo alimfundisha mwanangu," Doi alisema garini. "Mtoto alikuwa mzito kama jiwe, lakini Mwalimu hakumchoka. Tusije tukajiaibisha."

Simu ililia. Bi Mizue.

"Inspekta, kigae."

Kila mtu alikijua kigae hicho, chenye ua la yungiyungi, kizima bila ufa, cha aina iliyoezekea kasri. Mwalimu alikionyesha waandishi wa habari wiki ileile Chinami alipotoweka. Wazee walilia. Kumbe kasri lilinyoosha mkono mpaka kwetu! Kumbe jina ni letu kwa haki!

"Tumechimba pande zote za mtaro," alisema Bi Mizue. "Hatujapata kipande kingine hata cha ukubwa wa ukucha. Paa la vigae likianguka linaacha vipande maelfu. Haliachi kigae kimoja kizima kizuri. Jengo letu lilikuwa ghala, na paa lake lilikuwa la mbao. Kile kimeletwa."

"Kutoka Muko?"

"Ndiko viliko."

"Vitu vilivyopatikana wakati ule, nani alivisafisha na kuvichora?"

"Chinami. Mtu anayekiosha kigae anauona udongo uliogandia mgongoni, Inspekta. Udongo wa mtaro huu ni wa kijivu. Angejua mara moja."

Doi aliusogeza mkono wake kwenye usukani, akausogeza tena.

*

Nyumba ya Mama Imanishi ilinuka pumba za mchele. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, machipukizi yakichemka ndani ya pumba ili yatoke uchungu, na mezani, mbele ya rundo la maganda, Mwalimu Nogami alikaa akimenya. Mzee safi, nywele nyeupe zimechanwa, mikono ya shati imekunjwa.

"Karibu mwanangu, karibu, na wewe mzee karibu," alisema Mama Imanishi. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umepinda. "Msinione napika mkadhani sina msiba. Tangu mliponiletea habari asubuhi, chozi halitoki. Mikono ndiyo inayotaka kazi. Mwalimu amekuja mbio, kanishika mkono."

"Pole sana, Mwalimu," Tatsumi alisema.

Nogami aliinamisha kichwa. "Tumepata tulichokuwa tunakitafuta. Sasa atazikwa na baba yake."

"Bado jambo moja," alisema mama. Aliuweka mwiko chini, akamkabili Tatsumi. "Nataka kumjua aliyefanya. Sina kiu ya damu, mwanangu. Miaka yote hii kila ninayempa 'habari za asubuhi' najiuliza, au ndiye huyu? Muuza samaki, daktari, wewe mwenyewe. Sijamwamkia mtu kwa moyo mweupe. Isipokuwa Mwalimu. Nipe jina lake, nipumzike."

Tatsumi alimtazama yule kikongwe, kisha akamtazama mtu pekee ambaye mama huyo bado alimwamini. Kulikuwa na njia ya kumwita Nogami kituoni kesho, kwa heshima. Lakini kesho angekuwa amekwishajiandaa. Na hakukuwa na damu, hakukuwa na shahidi, kulikuwa na mchanga tu. Alivuta kiti.

"Mwalimu, umri wako na kazi uliyoifanya pale vinanilazimu nikuambie kabla magazeti hayajaandika. Kuna hasara nyingine."

"Hasara gani?"

"Muuaji alimtupa Chinami ndani ya shimo la nguzo. Kisiki kimesagika. Bi Mizue amelia. Hakuna la kuokoa."

Kisu kilisimama katikati ya ganda.

"Haiwezekani," alisema Nogami.

"Nimekiona kwa macho yangu. Unga mtupu."

"Haiwezekani, nakwambia! Kisiki kile kimesimama tangu enzi za mfalme!" Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, na macho yake, yaliyokuwa makavu mchana kutwa, yalijaa maji. "Ni uzembe wao! Wamekivunja wao wanatafuta kisingizio! Shimoni hakutiwa mtu. Shimo halikuguswa, yeye alikuwa pale juu, kwenye—"

Sufuria ilifurika. Povu la pumba lilimwagikia moto, likafoka, moto ukazimika.

Mama Imanishi hakugeuka kulitazama jiko.

"Alikuwa wapi, Mwalimu?"

Nogami alimtazama Tatsumi, akaelewa. Alitafuta kiti kwa mkono, kiti hakipo, akabaki amesimama.

"Kisiki kizima," Tatsumi alisema. "Nimedanganya. Huna lazima ya kusema neno, Mwalimu. Utakalosema litaandikwa."

"Nilipokwambia asubuhi kwamba mwanangu ni mifupa," alisema mama, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "uliinamisha kichwa ukasema pole. Mti umekuliza."

"Mama Imanishi..."

"Usiniite."

Doi alizima gesi. Ndipo Nogami akaanza kusema, akiitazama meza.

"Alikuja jioni, wenzake wamekwishaondoka. Ana kigae mkononi. Akasema, Mwalimu, hiki si cha hapa, udongo wake mwekundu. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu. Alikuwa anahuzunika kwa ajili yangu. Akasema tuwaambie watu kesho, mimi na yeye, atasimama nami." Alipumua. "Watu walikuwa wamelia kwa furaha, Inspekta. Mji mzima tunachekwa, mna jina hamna kasri, mna jina hamna kasri. Niliwapa kitu. Nilimshika mkono anipe kigae, akajivuta, akarudi nyuma, akaanguka mtaroni kwa kisogo."

"Alikufa palepale?" Tatsumi aliuliza.

Nogami aliyasogeza maganda mezani.

"Mwalimu. Alikufa palepale?"

"Alikuwa anapumua."

"Simu ilikuwapo kwenye kibanda cha kazi."

"Ilikuwapo."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa naye. Nilimshika mkono. Nilikuwa najiambia nitapiga sasa hivi, sasa hivi. Kisha hapakuwa na haja."

Mama Imanishi alijishikilia meza. Tatsumi alinyanyuka kumdaka, lakini mama alimzuia kwa kiganja. Hakuanguka.

"Na kisiki ulikuwa nacho pale," Tatsumi alimwambia Nogami. Alijua si swali la kipolisi, akaliuliza hata hivyo. "Cha kweli, cha mfalme, kimetoka kwenye udongo wenu wenyewe. Kigae cha nini?"

"Ni cha ghala," alisema Mwalimu. "Nani angelilia ghala?"

Doi alimfunga pingu. Alizifunga polepole, kama anayemvisha mgonjwa, na uso wake alikuwa ameugeuzia ukutani.

Mlangoni, chini ya kizingiti, viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa. Nogami alishuka, akatanguliza mguu kuvitafuta vyake. Mama Imanishi alikuwa amekwishafika. Alipiga magoti penye ubao kama mwenye nyumba anayemuaga mgeni, akavigeuza vya Tatsumi vielekee nje, akavigeuza vya Doi. Vya Mwalimu alivishika, vikabaki mikononi mwake.

"Mwanangu alikuwa na viatu?" aliuliza. "Alitoka nyumbani na vya kahawia, vya visigino. Nilimwambia kazini kwenye matope nani anavaa visigino. Akacheka. Alizikwa navyo?"

Viatu havikupatikana. Tatsumi alimwachia Nogami ajibu.

"Nilimvua," alisema Nogami.

"Kwa nini?"

"Nilimburura. Visigino vingechora sakafu. Tulikuwa tumeisafisha."

Mama Imanishi alivikumbatia vile viatu vyeusi kifuani, akaviminya, akakaa chini na kuinamisha kichwa juu yake. Chozi lililokataa tangu asubuhi lilikuja, na lilipokuja lilimtikisa mwili mzima.

"Mama," Doi alinong'ona, "mvua inanyesha. Mpe avae. Njia ya kokoto."

"Mwanangu alikwenda hivyo hivyo," alisema.

Doi alimtazama mkuu wake. Tatsumi alifungua mlango, akasimama kando. Mwalimu akatoka na soksi zake, akakanyaga kokoto zilizolowa, akaenda akiyumba mpaka garini, na hakuna aliyemshika mkono.